Ukoko

Nyundo yangu ina mpini wa mpera, wa tatu mwaka huu.
Jiwe halivunjiki bila kuchukua chake:
mpini, ukucha, au jicho.
Sisi wa Micheweni hatulimi, twagonga.
Wenzetu wa magharibi wana udongo mwekundu na mikarafuu,
mtu akidondosha kokwa, kesho ana mche.
Huku ukidondosha kokwa utasikia tu: ko.

Mwanangu Faki alirudi skuli
na karatasi ya mtihani kaishika kama samaki aliyevunda.
Mama, ukoko ni nini?
Nikacheka. Kijana wa Kipemba hajui ukoko?
Si wa wali, akasema. Wa dunia.

Akanichorea sakafuni kwa mkaa:
katikati kiini, chuma kwenye moto usiozimwa;
kisha joho nene la mwamba
unaotambaa polepole kama uji unaopoa;
na juu kabisa ukoko, mwembamba,
tunaoulima, tunaougombania kwa mashahidi,
tunaozikwa ndani yake bila kuufikia mwisho.

Basi mwalimu wako hajapika, nikamwambia.
Ukoko hukaa chini.
Kisha nikaukumbuka wali wa harusi ya Time binti Hamadi,
tulivyoupalia makaa juu ya mfuniko:
moto chini, moto juu,
na ukoko pande zote mbili.
Nikanyamaza. Mtoto akaandika.

Halafu habari ya vipande. Ukoko umekatika, asema,
na kila kipande chashika njia yake
kwa kasi ya ukucha unaoota.
Nikazitazama kucha zangu.
Kwa hizi, mwanangu, dunia imesimama.

Asema zamani mno, kabla ya jina
na kabla ya mtu wa kulitaja,
Pemba ilishikana na bara.
Nchi ikavutwa huku na huku kama kanga inayogombewa,
ikachanika, ikadidimia,
maji yakaingia katikati, meusi,
mpaka leo kamba ya nanga haigusi chini.
Hakuna aliyeaga.

Bibi yangu alikuwa na ng'ombe wake:
dunia yote juu ya pembe moja,
akichoka huihamishia ya pili
na vikombe vikalia kabatini.
Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Ijumaa, vililia.
Tulitoka sote, Shaame kajifunga kanga yangu,
tukasimama uani tukimtaja Mola
juu ya kitu tulichodhani kimetulia.
Faki asema ni vipande. Mie nasema vyovyote,
kipande au pembe,
kuna aliyechoka kule chini akageuka upande,
na kikombe changu cha harusi kina ufa.

Jana nikapiga jiwe likafunguka kama chuo.
Ndani kalala kome, mzima, na mistari yake yote,
mdomo wazi, kajaa chokaa.
Kutoka hapa hadi pwani ni nusu saa.
Hakuja kwa miguu.

Kumbe ilikuwa bahari hapa.
Hapa nilipokalia gunia
samaki alipita usawa wa ushungi wangu.
Matumbawe yalijenga, yakafa,
mengine yakajenga juu ya maiti,
kisha maji yakashuka, au nchi ikanyanyuka
(Faki hana hakika, ukurasa huo umechanwa),
ikaja mvua, ikaja chumvi,
zikaling'ata jiwe mpaka jiwe nalo likaota meno.
Kazi ya miaka isiyohesabika,
na mie naiuza kwa ndoo.

Alasiri likaja lori la Mkasha.
Akaitikisa ndoo ya mwisho. Bi Mize, hii haikujaa.
Kweli haikujaa. Kome nilimfunga kwenye pindo la kanga.
Nikamwambia, kaa kitako, usubiri.
Bahari ikishuka tena, nitakujazia.